TENGENEZA NYUMBA YAKO, LAKINI KWA AKILI

Mvua zimekwisha na jua linawaka. Tazama ukuta wa chumba unacholala. Je, hauna ufa? Labda utasema, "Ufa ule ni mdogo, tena ufa si ugonjwa." Lakini sisi tunaofanya kazi hospitalini tunajua ya kuwa magonjwa mengine huanzia ukutani. Tena tunajua neno la pili: watu wengine huletwa kwetu wameumia kwa sababu walikuwa wakitengeneza nyumba zao. Basi tutafundisha mambo haya mawili pamoja.

1. ANAYEKAA NDANI YA UFA

Papasi, ambaye watu wengine wa Kongo humwita kimputu, ni mdudu wa jamaa ya kupe, naye ana rangi ya udongo. Mchana hujificha ndani ya nyufa na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu ya mtu aliyelala, kisha hurudi mahali pake. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, kwa hiyo hata nyumba iliyoachwa tupu si salama.

Mdudu huyu huleta homa kali ya siku chache. Homa huacha, mtu akafikiri amepona, kisha hurudi tena na tena. Mwaka 1905 waganga wawili waliotumwa kutoka Liverpool, Joseph Dutton na John Todd, walionyesha katika Kongo ya mashariki ya kuwa papasi ndiye anayeleta homa hiyo. Wote wawili walishikwa nayo, na Dutton akafa kule Kasongo mwaka ule ule. Mwanamke mwenye mimba akiipata, anaweza kupoteza mtoto wake.

Panya naye hupenda nyumba yenye matundu. Katika nchi ya Ituri tauni bado huonekana, nayo huletwa na viroboto vya panya. Ukiona panya wamekufa nyumbani na hakuna aliyewaua, usiwaguse kwa mkono wala usianze kuchimba ukuta. Toa habari hospitalini kwanza.

Soma Walawi sura ya 14. Mwenye nyumba aliyeona madoa ukutani alimwita kuhani. Mawe mabaya yalitolewa, nyumba ikakwanguliwa, udongo mpya ukapakwa. Hata zamani zile watu walifundishwa kuuangalia ukuta wa nyumba.

2. NAMNA YA KUZIBA UFA

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Baba, mama na watoto wakubwa wanaweza kuifanya.

Kwanza, toa vitanda na mikeka, uvianike juani.

Pili, panua ufa kwa ncha ya panga mpaka ufike kwenye udongo mgumu. Fagia vumbi lote, ulichome moto mbali na nyumba, maana papasi wamo ndani yake.

Tatu, jaribu udongo wako. Ukiwa na mfinyanzi mwingi utapasuka. Ukiwa na mchanga mwingi utamomonyoka. Finyanga vidonge vichache, kila kimoja na kipimo chake cha mchanga, uviache vikauke siku chache. Tumia kipimo cha kidonge kisichopasuka wala kuvunjika upesi. Ongeza majani makavu yaliyokatwa vipande vifupi.

Nne, lowesha ufa kwa maji, kwa sababu udongo mpya haushiki juu ya udongo mkavu. Shindilia kidogo kidogo. Ukikauka, paka mara ya pili.

Hapa wengi hukata tamaa. Wanapaka leo, na baada ya juma moja wanaona mistari midogo imetokea tena. Wanasema, "Nimefanya kazi bure." Sivyo! Udongo ukikauka hunywea. Ndiyo tabia yake. Lowesha tena, uzibe tena. Ukuta laini usio na ufa hupatikana kwa kurudia.

Kisha usisahau sakafu. Inyunyizie maji kabla ya kufagia, na uisiribe vizuri, kwa maana funza hupenda vumbi.

3. MAMBO YANAYOUMIZA WATENGENEZAJI

Shimo la udongo. Wengi huchimba udongo karibu na mlango, kazi ikiisha huliacha shimo wazi. Mvua ikinyesha shimo hujaa maji, na kwa muda wa juma moja au mawili mbu wapya hutoka humo. Hivyo mtu amefukuza papasi, akajiletea malaria. Chimba mbali, ulifukie shimo baadaye.

Msumari wenye kutu na mavi ya ng'ombe. Mbegu ya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Mwenye jeraha mkononi asisiribe. Msumari ukikuchoma, osha jeraha kwa maji mengi safi na sabuni. Usitie udongo, wala mavi, wala dawa ya majani. Njoo hospitalini siku ile ile kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Chokaa. Ikiingia machoni huchoma vibaya. Osha jicho kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha uje upesi.

Paa. Baba mmoja aliletwa kwetu jioni ya mvua. Manjanja yake yalivuja juu ya kitanda cha watoto. Hakungoja mvua iishe. Aliweka kiti juu ya meza, akapanda peke yake, akateleza. Mguu ulivunjika mahali pawili. Alikaa miezi mitatu bila kulima, na mke wake alilima peke yake huku ana mtoto mgongoni. Na paa? Ndugu sita wa kanisa walikwenda na ngazi asubuhi moja ya jua, wakalimaliza kabla ya saa sita. Baba yule alituambia, "Niliona haya kuwaita."

Usipande paa lililolowa. Usipande bila mtu wa kushika ngazi. Mtu akianguka na kuumia mgongo au shingo, msimkalishe wala msimvute. Watu wengi wamwinue pamoja, mwili wake ukiwa umenyooka, wamlaze juu ya mlango ulioondolewa, wamlete hivyo.

4. KAZI ISIYO YA MTU MMOJA

Nguzo iliyooza chini, ukuta ulioinama, boriti iliyoliwa na mchwa: hizi si kazi za mtu mmoja. Mwite fundi, waite na majirani. Nehemia hakujenga ukuta wa Yerusalemu peke yake. Wengi walijenga kila mtu mbele ya nyumba yake, na jirani yake kando yake. Kuomba msaada si aibu.

Basi, ufa mdogo uzibe mwenyewe juma hili. Jambo kubwa lifanyeni pamoja.

MASWALI

1. Papasi hukaa wapi mchana?
2. Kwa nini tunalowesha ufa kabla ya kuuziba?
3. Msumari ukikuchoma utafanya nini?
4. Katika kijiji chako ni mjane gani au mzee gani ambaye paa lake linavuja? Mtakwenda siku gani?