Kisiki cha mninga ni daftari la mvua



Kamati hutuuliza: je, pete zinazoonekana kwenye kisiki ni umri wa mti? Ndiyo, ila tuhesabu kwa uangalifu.

Mti hunenepa kwa kuongeza tabaka jipya chini ya gome. Hali ikiwa nzuri hukua haraka. Ikiwa ngumu husimama, na hapo mstari hubaki. Kati ya mstari na mstari ni pete moja.

Huko Finland, paini husimamishwa na baridi, na pete pana ni alama ya kiangazi chenye joto. Kwetu Songwe kinachosimamisha mti ni ukame. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha mninga hupukutisha majani na kupumzika. Mvua ikiwa haba, pete huwa nyembamba. Kwa kusoma mininga ya Zimbabwe, mwaka 2006 watafiti walichapisha historia ya mvua ya nchi hiyo tangu 1796 hadi 1996. Miaka hiyo mingi haikuwa na mtu wa kupima mvua, miti iliipima.

Paini tunazopanda milimani Ileje na Mbozi zina asili ya Mexico. Kwetu hakuna majira ya baridi kali, hivyo mvua ikikatika na kurudi, paini yaweza kuweka pete mbili katika mwaka mmoja. Kwa hiyo tarehe ya kupanda iandikwe kwenye daftari la kamati.

Mninga nao una siri yake. Kwa miaka kadhaa mche wake hukauka juu kila kiangazi huku mizizi ikijijenga, ndipo huinua shina. Miaka hiyo haionekani kwenye kisiki. Kisiki chenye pete 80 ni zaidi ya misimu 80 ya mvua, na msumeno huumaliza kwa dakika chache.

Paini huleta mbao na kipato, wala hatuzipingi. Lakini shamba la paini halirudishi mninga uliokatwa. Tunaomba kamati:

1. Zilinde mininga iliyosimama na machipukizi yake dhidi ya moto.
2. Zising'oe mche wa mninga uliokauka juu. Huenda mizizi yake bado hai.
3. Zipande mvua za kwanza zinapokolea.

Nanyi wafadhili wetu, msitupime kwa idadi ya miche iliyopandwa. Tuulizeni ni mingapi iliyo hai baada ya kiangazi cha pili.