Je, Wajua? Maktaba Iliyokuwa na Bafu

Maktaba ya kwanza ya tajiri wa chuma Andrew Carnegie nchini Marekani, iliyofunguliwa Braddock, Pennsylvania, mwaka 1889, ilikuwa na mabafu chini yake. Mfanyakazi wa kiwanda cha chuma aliweza kutoka zamu akiwa mweusi kwa masizi, akaoga, ndipo akapanda juu kushika kitabu. Kama bado alikuwa na nguvu za kukifungua, maana zamu ilikuwa ya saa 12.

Mwaka huohuo Carnegie, mtoto wa mfumaji maskini wa Scotland, aliandika kwamba kufa na mali nyingi ni aibu. Julai 1892, wafanyakazi wake wa Homestead, jirani tu na Braddock, waligomea kupunguziwa ujira. Msimamizi wake, Henry Clay Frick, akaleta walinzi 300 wa kukodi, usiku, kwa matishali mawili ya mtoni. Risasi zikarindima, watu wakafa pande zote mbili. Carnegie mwenyewe? Yuko Scotland, mapumzikoni.

Mwaka 1901 aliuza kampuni yake ya chuma kwa dola milioni 480. Fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Miji kadhaa ilikataa fedha hizo.