Waya za Umeme Nyumbani: Tuchague Njia Gani?

Mwezi huu tuongee juu ya waya za umeme. Hapa Gasorwe tuko wengi tuliotoka Kivu, na tunajua nyumba za mbao za Kadutu kule Bukavu: moto ukianza kwa jirani mmoja, wote wanatoka mbio. Nyumba zetu za kambi nazo zimebanana. Basi tulinganishe njia tatu za kupitisha waya.

Ya kwanza ni waya za wazi, zenye kufungwa kwa misumari. Bei yake ni rahisi, lakini msumari unakwaruza ngozi ya waya, panya wanaitafuna, na shitingi inashika moto upesi. Hii tuiache.

Ya pili ni waya yenye ganda mara mbili, inayobanwa juu ya ukuta kwa vibanio, ama kupitishwa ndani ya tuyo ya plastiki. Waya ikiharibika, fundi anaifikia bila kubomoa ukuta.

Ya tatu ni kuficha tuyo ndani ya ukuta. Inapendeza macho, na inafaa nyumba ya matofali ya kuchoma na simenti. Lakini ukuta wa udongo ukichimbwa unadhoofika. Kwa nyumba za udongo, sisi tunashauri ya pili.

Unene wa waya pia ni muhimu. Kwa umeme wa volti 230, mafundi wengi wanatumia waya ya milimita 1.5 za mraba kwa taa, na 2.5 kwa priza.

Wenye paneli za jua, musidharau volti 12. Chombo cha wati 60 kinavuta ampea 5 kwenye betri, lakini kwenye volti 230 kinavuta kama robo ya ampea tu. Ndiyo maana waya ya betri inatakiwa iwe nene na fupi. Betri hiyo haitakurusha, lakini waya zake mbili zikigusana zinaweza kuwasha nyumba. Wekeni fizibu karibu na betri, upande wa chanya. Ikiungua, musiweke kipande cha waya ama karatasi ya sigara pahali pake. Tafuteni kwanza sababu.

Watoto wetu wanahitaji taa ya kusomea usiku. Kabla ya kununua taa ya pili, tununue fizibu.