Usawa wa Elimu Uanze katika Msingi wa Jengo

Azimio la Musoma la 1974 lilikusudia kwamba ifikapo 1977 watoto wote wapate elimu ya msingi. Neno "wote" lina maana nzito. Linamhusu pia mtoto asiyeona, mwenye uoni hafifu na anayetembelea magongo.

Tuitazame hali halisi. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoenea Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, yakichochewa na waganga waliowadanganya wasaka utajiri, wakiwemo wachimbaji wa dhahabu, watoto wengi walikimbiziwa Shule ya Buhangija, Shinyanga. Kuwalinda kulikuwa wajibu. Lakini ukuta humlinda mtoto, haumfundishi. Mwenye ualbino aghalabu ana uoni hafifu na huumizwa na mwanga mkali. Kwa hiyo jengo lenyewe laweza kumsaidia au kumkwamisha.

Jengo linalofaa ni lipi? Kwanza, liwe na baraza pana la kuzuia jua, na ubao usiong'aa. Pili, kingo za ngazi zipakwe rangi inayoonekana wazi, mifereji ifunikwe, na madirisha yasifungukie njiani yakamjeruhi asiyeona. Tatu, njia ya mteremko isiwe pambo: kila sentimita 1 ya kimo ipate sentimita 12 za urefu. Sakafu iliyoinuka sentimita 45 yahitaji mteremko wa mita 5.4. Nne, choo kiwe na mlango mpana na vishikio.

Wako wasemao kwamba hayo ni gharama. Hoja hiyo ni dhaifu. Gharama kubwa ni kubomoa kilichokwisha kujengwa. Wananchi wanapoinua boma kwa nguvu zao, kupanua mlango kabla ya kupanga tofali ni suala la kipimo tu.

Tena, uwezo upo. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa 2017, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inadai majengo ya umma yafikike.

Basi, kamati za shule za Geita na Shinyanga zidai ramani kabla ya msingi kuchimbwa, na wazazi wa watoto wenye ulemavu wawemo katika kamati hizo. Dhahabu itokayo katika ardhi ya wote haina budi kujenga shule ya wote.