Tawakkul haimzuii mgonjwa kunywa dawa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tunajibu swali lililotufikia kutoka Mgwashi, katika milima ya Usambara. Muulizaji anaishi na virusi vya UKIMWI. Vipimo vyake vya karibuni havioni tena virusi katika damu, na mtu aliyemsomea dua amemwambia kuwa amekwisha pona, aache dawa. Je, aache? Jibu letu ni hapana, na sababu yake imo ndani ya mwili wenyewe aliouumba Mwenyezi Mungu.

Mwili umejengwa kwa seli, na ndani ya seli kuna kiini kinachohifadhi DNA, yaani maandishi ya urithi wetu. Kiini kimezungukwa na utando wenye milango midogo kwa maelfu. Protini hutengenezwa nje ya kiini, lakini baadhi yake kazi yao iko ndani. Protini kubwa haiingii hivi hivi: hubeba alama maalumu, na wabebaji waitwao importini huitambua alama hiyo, wakaivusha protini mlangoni, wakaiacha ndani, kisha wakarudi kuchukua nyingine. Mwanasayansi Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kugundua kwamba protini zina alama za kuzielekeza mahali pake katika seli.

Katika Suratun Nur tumefundishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tupige hodi na kutoa salamu. Hatusemi kwamba aya hiyo inazungumzia seli, kwani kuipachika Qur'ani maana isiyokuwamo ni makosa. Tunasema tu kwamba aliyetuwekea adabu ya mlango wa nyumba ndiye aliyeweka nidhamu katika mlango wa kiini.

Virusi vya UKIMWI hupita mlango huo huo. Hufunga maandishi yao ndani ya gamba la protini, na gamba hilo hushikamana na protini za mlango mfano wa mgeni aliyealikwa, likapenya. Humo ndani, kimeng'enya cha virusi kiitwacho integrasi huyaunganisha maandishi yao na DNA ya mgonjwa. Baadhi ya seli zilizoingiliwa hukaa kimya miaka mingi. Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu vilivyomo katika damu, hakihesabu maandishi yaliyojificha viinimwao. Ndiyo maana mgonjwa akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurejea katika damu baada ya majuma machache.

Dawa nazo zimetokana na kuijua njia hiyo. Dolutegravir, iliyomo katika kidonge cha mara moja kwa siku ambacho Tanzania ilianza kukitumia mwaka 2019, huizuia integrasi. Lenacapavir hulishika gamba lenyewe na kulizuia kufikisha mzigo wake kiinini. Katika utafiti wa kinga uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, uliotangazwa mwaka 2024, wanawake 2,134 walipewa sindano hiyo kila miezi sita, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na wako walioacha dawa za kufubaza virusi, hali zao zikazorota. Hatulitaji hilo kwa kuwacheka wenzetu. Hata miongoni mwetu wapo wanaoandika kombe na kumwambia mgonjwa atupe vidonge.

Dua ni ibada, na kusomewa Qur'ani kuna baraka. Lakini Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujitibu, na mwenye ngamia alimwelekeza amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Anayemwachisha mgonjwa dawa inayomhifadhi anamsukuma kwenye maangamizi tuliyokatazwa katika Suratul Baqara. Hata Ramadhani si udhuru: kidonge cha mara moja kwa siku chaweza kunywewa usiku, kwa ushauri wa mhudumu wa afya, na aliyezidiwa na maradhi ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine.

Kwa ndugu yetu muulizaji: kutoonekana kwa virusi ni neema, na kunakulinda usimwambukize mwenzi wako, lakini neema hiyo inasimama juu ya dawa. Endelea nayo, na uombe dua. Kwa maimamu na waumini wa milimani: njia za huko ni za kupanda na kushuka, na nauli ya kufuata dawa ni mzigo kwa masikini. Mchangieni mgonjwa nauli, na mfiche siri yake. Hiyo nayo ni sadaka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.