Moyo Huwahi, Mfupa Huchelewa

Tarehe 7 Novemba 1857, mpelelezi Mwingereza Richard Burton alijiandaa kuingia Kazeh, mahali ambapo leo ni viunga vya Tabora. Zilikuwa zimetimia siku 134 tangu aiache pwani, na kwa hesabu yake alikuwa amekwenda si chini ya maili 600, karibu kilomita 965. Mengi aliyoyaandika juu ya watu wetu yanaudhi, lakini kuna jambo moja aliloliona kwa Wanyamwezi ambalo mtu wa tiba hawezi kulipita: mtoto wa kiume alianza kuzoezwa upagazi angali mdogo kabisa, akibebeshwa begani kipande kidogo cha pembe ya ndovu. Mwili ulipokua, mzigo nao ukakua. Akifika utu uzima alishika njia ya pwani na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32.

Siku hizi nalikumbuka jambo hilo mara nyingi, kwa maana tangu Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa jirani wa Singida, alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025, naulizwa sana kuhusu mbio ndefu. Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Ukiona ushindi wa namna hiyo, miguu inakuwasha. Wanaoniuliza wanataka kujua kama moyo utahimili. Nawajibu kwamba kwa walio wengi moyo si tatizo. Tatizo liko chini ya goti.

Moyo hujifunza upesi. Ndani ya wiki mbili za kwanza za mazoezi sehemu ya majimaji ya damu huongezeka, na kila pigo husukuma damu nyingi zaidi. Miezi ikipita, chumba cha kushoto cha moyo hupanuka na kuta zake huongezeka nguvu. Ndipo unamkuta mkimbiaji mzoefu ameketi, moyo wake unapiga mara 45 kwa dakika, wa jirani yake unapiga 75, na wote wawili ni wazima. Shinikizo la damu hushuka, sukari huingia kwenye misuli kwa urahisi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia watu wazima 55,137 kwa wastani wa miaka 15. Kwa waliokimbia, hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ilikuwa pungufu kwa asilimia 45, na faida ilionekana hata kwa waliokimbia dakika tano hadi kumi tu kwa siku. Ni kweli kwamba mwenye afya ndiye mwepesi wa kukimbia, hivyo si faida yote hiyo imeletwa na mbio. Hata ukiipunguza kwa sababu hiyo, fungu linalobaki ni kubwa.

Mfupa una kalenda yake. Watu huudhania kitu kikavu kama nguzo ya mninga, kumbe ni kiungo hai kinachobomolewa na kujengwa upya maisha yote. Kila hatua ya mbio huutwisha mguu mmoja nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mwili hujibu kwa ukarabati, na katika ukarabati huo seli za kubomoa hutangulia: hula sehemu iliyochoka kwa wiki tatu hivi, kisha seli za kujenga huja nyuma zikijaza pengo kwa takriban miezi mitatu. Basi kuna kipindi, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, ambapo pumzi imefunguka, moyo umetulia, mkimbiaji anajiona simba, na muundi wake ni dhaifu kuliko siku aliyoanza. Hapo ndipo anapoongeza kilomita. Hapo ndipo ufa unapoingia.

Mwaka 1855, miaka miwili kabla ya Burton kufika Kazeh, daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza habari za askari ambao nyayo zao zilivimba na kuuma baada ya mwendo mrefu. Eksirei haikuwapo, ilibidi igunduliwe mwaka 1895 ndipo ikaonekana kwamba mifupa ya nyayo za namna ile ilikuwa imepasuka. Hadi leo makuruta ni miongoni mwa wanaoumia hivyo zaidi, vijana wazima waliobadilishiwa masafa ghafla.

Nikirudi kwa wapagazi, sitaki kuipamba njia ya misafara. Ndui, kuhara na njaa viliua wapagazi wengi, na kwenye njia ileile watu walitembezwa utumwani. Waliofika hawawezi kuwa ushahidi wa wote waliotoka. Lakini ratiba ya msafara ilikuwa na hekima: safari ilianza alfajiri, jua lilipokaribia utosi kambi ilipigwa, na penye maji na chakula watu walipumzika siku kadhaa. Burton mwenyewe alikaa Kazeh zaidi ya mwezi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na malezi yale ya begani yakaisha. Sisi tunaanza na miguu ya kiti cha ofisi na bodaboda, kisha tunataka kilomita 21 ndani ya wiki sita.

Kuhusu magoti, wasiwasi umezidi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuta kusagika kwa nyonga au goti kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Maji nayo, yanywe kwa kadiri ya kiu. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, hasa waliokunywa kupita kiasi.

Kwa anayeanza: changanya kutembea na kukimbia, pumzika siku moja kati ya mbili, na katika wiki ya nne punguza masafa hata kama unajisikia vizuri. Mwenye maumivu ya kifua, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, apimwe moyo kwanza. Na ukipata maumivu juu ya mfupa ambayo unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, acha kukimbia siku hiyohiyo uende hospitali. Mweleze daktari kwamba unakimbia na umeongeza masafa lini, kwa sababu katika wiki mbili za kwanza ufa huo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei.