Wawili Juu ya Baiskeli Moja

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumpakia mkeo au mtoto nyuma ya baiskeli. Iko baiskeli nyingine ambayo yule wa nyuma hapakiwi: naye ana kiti, pedali na jasho lake. Jina lake ni tandemu.

Baiskeli hizo huonekana katika safari maarufu ianziayo karibu na Paris, ikafika Brest, bandari ya magharibi kabisa ya Ufaransa, kisha ikarudi: kiasi cha kilomita 1,200. Mwaka 1891, ilipofanywa mara ya kwanza, yalikuwa mashindano hasa, na Charles Terront alishinda kwa saa 71 na dakika 22. Siku hizi hufanywa kila baada ya miaka minne, wala hatangazwi mshindi. Litakiwalo ni kumaliza ndani ya muda, ambao kwa walio wengi ni saa 90. Vituoni, kama vile Fougères, Loudéac na Carhaix, kadi ya kila mpandaji hugongwa muhuri.

Wa mbele ndiye mwenye usukani. Wa nyuma haoni mbele ila mgongo wa mwenziwe. Pedali zao zimefungamana kwa mnyororo, hata mmoja akisita, wa pili naye husita. Kwa hiyo mbele ya kila shimo wa mbele hana budi kutamka. Akinyamaza, mwenziwe hupata kishindo asichokitazamia, na siku ya tatu makalio hayana tena subira. Kupanda mlima ni taabu kwa uzito wake; kuteremka hukimbia mno, breki zikapata moto. Na njia ya Brest ni vilima vitupu!

Lakini adui mkubwa ni usingizi. Askari aliyeshika lindo la alfajiri anamjua. Mpandaji wa peke yake husimama apendapo. Hawa wawili lazima wapatane. Akisinzia wa nyuma, baiskeli huyumba. Akisinzia wa mbele, wote wawili mtaroni. Kwa mume na mke, heri wapatane tangu nyumbani kwamba asemaye “nimechoka” habishiwi, ingawa saa zinakwenda. Watalala kidogo kando ya njia, au watanywa kahawa ambayo wanavijiji huwaandalia wapitao usiku.

Na mmoja akishindwa na goti huko Loudéac, mwenziwe, hata kama angali na nguvu zake zote, safari yake imekwisha palepale.